KUFUNIKA NA KUSITIRI: MALEBA YA MHUSIKA WA KIKE KATIKA MICHEZO YA VIDEO KWENYE RUNINGA

Usawiri wa mwanamke ni mada ambayo uhakiki wa Kiswahili umeishughulikia kwa mapana, hasa katika riwaya na tamthilia. Wahakiki wameuliza mhusika wa kike anatenda nini, anasema nini, na mtunzi anamwadhibu au kumtuza kwa misingi gani. Swali la mhusika huyo kavaa nini, na nani kamvika, limeulizwa kwa nadra, na mara nyingi limeachiwa wataalamu wa sanaa za maonyesho ambao kwao maleba ni sehemu ya kazi ya kila siku. Makala haya yanalifuata swali hilo katika uwanja ambao huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauona wa kitoto: michezo ya video ya kupigana, ile inayochezwa kwa ushindani na kutangazwa kwenye runinga. Kwa wale watakaohoji iwapo uwanja huo unastahili kalamu ya mhakiki, inatosha kukumbusha kwamba shaka kama hiyo iliwahi kuandama ngano na ngoma kabla ya fasihi simulizi kupata nafasi yake katika mitaala yetu. Hatutaliendeleza jambo hilo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mnamo Julai 2016 mashindano ya kila mwaka yajulikanayo kama Evo yalifanyika Las Vegas, Marekani, na fainali ya mchezo wa Street Fighter V, uliotolewa na kampuni ya Kijapani ya Capcom mwezi wa Februari mwaka huohuo, ikarushwa hewani na kituo cha ESPN2. Walioingia katika shindano la mchezo huo walizidi 5,000. Hadi wakati huo mashindano hayo yalikuwa yakitazamwa hasa kwa njia ya intaneti, na watu waliokwisha kuuzoea mchezo na lugha yake. Miongoni mwa wanane wa mwisho alikuwamo Mjapani aitwaye Fuudo, ambaye mhusika wake alikuwa R. Mika, mwanamieleka wa kike. Vazi la msingi la Mika, yaani lile anaLotokea nalo mchezaji asipomchagulia jingine, linayaacha wazi makalio yake na sehemu kubwa ya kifua. Katika matangazo ya runinga Mika alionekana katika vazi lenye kumfunika zaidi, na ikajulikana kwamba badiliko hilo lilitokana na matakwa ya utangazaji. Fuudo alifika hadi pambano la mwisho, akashindwa na Mkorea aitwaye Infiltration aliyemtumia mhusika Nash. Mwaka wa 2017 jambo hilo lilijirudia. Kazunoko, naye Mjapani, alitakiwa akiwa papo hapo jukwaani ambadilishie Cammy vazi lake la msingi, ambalo ni la kubana mwili na linayaacha mapaja na makalio wazi.

Mjadala uliozuka uligawanyika pande mbili, na pande zote mbili, kwa maoni yetu, zilikosea mahali pamoja. Upande wa kwanza ulilalamika kwamba huo ni udhibiti: kazi ya sanaa imeingiliwa na mfanyabiashara wa matangazo asiyekuwa mtunzi wake. Upande wa pili ulifurahi kwamba hatimaye mwanamke amepewa heshima yake mbele ya hadhira pana. Wote walichukulia kuwa vazi ni kitambaa kilichotundikwa juu ya matini, ambacho kinaweza kuondolewa au kuongezwa na matini yenyewe ikabaki kama ilivyokuwa. Walalamikaji waliona kitambaa kimeongezwa bila haki. Washangiliaji waliona kimeongezwa kwa haki.

Tuanze na hoja ya utunzi. Capcom wenyewe waliihariri kazi yao kabla haijatoka. Mnamo 2015 walibadilisha pembe ya kamera ili kitendo cha Mika cha kujipiga kofi kwenye kalio kisionekane wazi kama kilivyoonekana katika toleo la majaribio, na Yoshinori Ono, mtayarishaji wa mchezo huo, akaeleza kuwa hawakutaka mtu yeyote aone vibaya. Aidha, kampuni iyo hiyo imewauzia wachezaji mavazi ya nyongeza, yakiwamo ya kuogelea. Matini ambayo mtunzi wake huiuza kwa vipande, kila kipande na bei yake, haina vazi moja halisi la kutetewa. Anayedai kwamba kituo cha runinga kilimvua Mika uhalisi wake hana budi kueleza ni Mika yupi.

Hapa sarufi yetu inatusaidia. Kiswahili kinatofautisha *kuvaa*, *kuvika* na *kuvishwa*. Katika tamthilia mwigizaji huvaa maleba aliyochaguliwa na mwelekezi, lakini ana mwili wake na sauti yake. Anaweza kukataa, na historia ya jukwaa imejaa waigizaji waliokataa. Mika havai. Kila mara anavishwa, na wanaomvika ni wengi: mchoraji aliyembuni kwa ajili ya Street Fighter Alpha 3 mwaka wa 1998, idara ya mauzo, mchezaji anayebonyeza kitufe katika uwanja wa kuchagua mhusika, na hatimaye kituo cha runinga. Amri ya 2016 iliongeza mvishaji mmoja katika orodha iliyokwisha kuwa ndefu. Kuiita amri hiyo heshima kwa Mika ni kumpa Mika nafsi ambayo hakuna yeyote katika orodha hiyo aliyekuwa akimchukulia kuwa nayo.

Hata hivyo, haifai kulihukumu vazi lenyewe haraka. Mika ni mwanamieleka, na mieleka ya kuigiza ina kanuni zake za maleba. Roland Barthes, katika *Mythologies* (1957), aliisoma mieleka hiyo kama tamthilia ya ishara zilizotiwa chumvi, ambamo mwili wa mpiganaji hutangaza tabia yake kabla hajarusha pigo la kwanza, na mtazamaji haulizi kama maumivu ni ya kweli bali anadai yaonekane. Ukimtazama Mika kwa jicho hilo, kinyago chake cha buluu, nywele zake za manjano zilizofungwa mikia miwili, marinda yake na sauti yake ya kupayuka ni ishara za aina hiyo hiyo. Kila kitu kwake kimezidi kipimo, na kuzidi huko ndiko umbuji wake. Anaingia ulingoni kama mtu aliyekuja kushangiliwa, na hata mwenzake Nadeshiko hujitokeza kutoka nje ya pambano kuja kumsaidia, kama ilivyo desturi ya wanamieleka wa timu. Mieleka ya wanawake nchini Japani ina historia ndefu na mashabiki wengi wa kike, na Mika ni kejeli na heshima kwa sanaa hiyo kwa wakati mmoja. Wanaomwona kama mwili uchi tu wamesoma ishara moja wakaziruka zilizobaki.

Lakini ishara hizo hazikuchaguliwa kwa usawa, na hapa ndipo usomaji wa Barthes unapotufikisha ukingoni. Katika mchezo uo huo yumo Zangief, mwanamieleka wa Kirusi, kifua wazi na chupi nyekundu. Naye ametiwa chumvi, na mwili wake umefunikwa kidogo mno. Tofauti ni kwamba uchi wa Zangief husema nguvu, na mapigo yake husema nguvu iyo hiyo: anabeba, anazungusha, anabwaga. Uchi wa Mika husema jambo jingine, na mapigo yake yanalikariri. Ana pigo la kuruka akitanguliza makalio, ambalo jina lake la Kiingereza linayafananisha na tunda la pichi. Na pigo lake kuu linamalizika kwa yeye na Nadeshiko kumbana mpinzani kwa makalio yao kutoka pande mbili. Hayo si mapambo yaliyopachikwa juu ya matini. Ndiyo vitenzi vya mhusika huyu, ndiyo njia yake ya kushinda.

Sasa turudi Las Vegas. Kituo kilibadilisha vazi. Hakikubadilisha pigo la pichi, wala jina lake, wala kamera inayosogea karibu pigo kuu linapoanza. Laura Mulvey alionyesha mwaka wa 1975, katika makala yake maarufu kuhusu sinema, kwamba jicho la kiume linaweza kujengwa ndani ya kamera hata kabla mtazamaji hajaketi kitini. Ikiwa ni hivyo, basi kumwongezea mhusika kitambaa huku kamera ikiendelea na safari yake ya zamani ni kuficha shabaha na kuuacha upinde umevutwa.

Lugha yetu ina maneno mawili yanayolieleza jambo hili. *Kufunika* ni kitendo cha nje: chungu hufunikwa, shimo hufunikwa. *Kusitiri* ni zaidi ya hapo. Nyumba humsitiri mtu, ndugu humsitiri ndugu, na sitara ni hali anayokuwa nayo mtu ambaye heshima yake imelindwa, amevaa nguo nyingi au chache. Mtu anaweza kufunikwa gubigubi na asiwe na sitara, iwapo kila anayemtazama amekwisha kuruhusiwa kumchungulia. Kwa kipimo hicho kituo kilimfunika Mika bila kumsitiri, na kilichosetiriwa, ikiwa kipo, ni kituo chenyewe mbele ya watangazaji wa biashara na wazazi.

Ushahidi wa dai hili umo katika kampuni iyo hiyo. Kuanzia 2009 hadi 2019, jarida la ESPN lilitoa kila mwaka toleo maalumu lenye picha za wanamichezo, wanaume kwa wanawake, wakiwa uchi, sehemu za siri zikifichwa kwa mkono, paja au mpira. Hatulitaji toleo hilo ili kulishutumu. Kinyume chake, ndani yake kuna kitu kinachokaribia sitara kuliko chochote kilichofanyika kwenye ESPN2: mwanamichezo alikubali, mwili ni wake, na picha inauonyesha kama chombo cha kazi aliyoifanya kwa miaka mingi. Uchi huo una mwenyewe. Ni wazi basi kwamba kampuni hiyo haikuwa na tatizo na ngozi. Kanuni za utangazaji wa moja kwa moja na za jarida hutofautiana, tunalijua hilo. Lakini tofauti iliyo muhimu kwa mhakiki ni ile ya kuvua na kuvuliwa.

Inatupasa kumrekebisha Mulvey kidogo pia, kwa maana nadharia yake ilitungwa kwa ajili ya mtazamaji aliyekaa kimya gizani. Mchezaji wa ushindani si mtazamaji wa aina hiyo. Mchezo huu huonyesha picha 60 kwa kila sekunde, na bingwa husoma mwanzo wa pigo katika sehemu ndogo mno ya sekunde: bega linalosogea, goti linalokunjwa. Vazi halibadilishi nguvu ya mhusika wala eneo linaloweza kupigwa. Kwa Fuudo, baada ya maelfu ya mapambano, huenda makalio ya Mika yalikuwa alama ya wakati tu, kama vile mpiga ngoma asivyouona urembo uliochorwa kwenye ngoma yake. Hadhira ya intaneti iliyozoea ilikuwa na sehemu ya jicho hilo. Hadhira ya runinga haikuwa nalo, na kituo kilikuwa na haki ya kutambua kwamba matini imehamia kwa wasomaji wengine. Kosa lake ni kudhani kwamba wasomaji wapya wangeona nguo peke yake. Mtu anayeuona mchezo kwa mara ya kwanza, asiyejua kusoma bega wala goti, ndiye hasa atakayeliona pigo la pichi.

Kisa cha Fukuoka, Februari 2019, kinaonyesha upande wa pili. Katika Evo Japan kulikuwa na maonyesho ya kuutangaza mchezo wa Dead or Alive 6, na wanamitindo wa kike walialikwa jukwaani. Maonyesho yalipogeuka kuwa ya kuangaza miili, ya wahusika na ya wanamitindo, kuliko ustadi wa kupigana, matangazo yalikatwa na waandalizi wakaomba radhi. Hapo hakuna vazi lililobadilishwa, kwa kuwa kila mtu alielewa kwamba tatizo lilikuwa katika kutazama kwenyewe. Ilihitaji wanawake wenye damu na nyama kukaa kando ya kioo ndipo jambo hilo lieleweke.

Kilichomtokea Cammy baadaye kinastahili kuzingatiwa na kila atakayeendeleza utafiti huu. Katika Street Fighter 6, iliyotoka Juni 2023, vazi lake la msingi ni koti na suruali ya kubana, na nywele zake ndefu zilizosukwa zimekatwa. Lile vazi la zamani, lililomsumbua Kazunoko jukwaani, limebakizwa kama vazi la pili kwa anayelitaka. Safari hii hakuna kituo cha runinga kilichoamuru. Mhusika alichorwa upya pamoja na mwendo wake na umri wake, naye anapigana kama askari aliyekomaa kazini. R. Mika hakuwemo miongoni mwa wahusika 18 ambao mchezo huo ulianza nao.