Koki Inayovuja: Namna Wosha Inavyookoa Bili ya Maji

Koki ya kawaida, ile inayozungushwa mara kadhaa ndipo ifunge, huzuia maji kwa kipande kidogo cha mpira kiitwacho wosha. Mkono wake ukizungushwa, shina la shaba lenye nyuzi hushuka na kuibana wosha juu ya kitako, yaani ukingo wa tundu linalopitisha maji. Mpira ukilala sawasawa, tundu huziba. Ukichakaa, ukipasuka au ukichongwa na mchanga, maji hupata mwanya na matone huanza. Koki nyingi za aina hii zinazodondosha maji mdomoni zina kasoro hiyo hiyo, na wosha ndiyo sehemu ya bei ndogo kuliko zote ndani ya koki. Kinachogharimu ni kumwita fundi kwa kazi ndogo kama hiyo, na zaidi ya hapo, maji yanayopotea wakati kazi inaahirishwa wiki hadi wiki.

Upotevu huo hupimika kwa kikombe na saa tu. Kikombe cha robo lita kikijaa kwa dakika 15, koki inapoteza lita moja kwa saa, lita 24 kwa siku, lita 720 kwa mwezi wa siku 30. Hayo ni madumu 36 ya lita 20. Yuniti moja kwenye mita ni lita 1,000, sawa na madumu 50, kwa hiyo koki hiyo peke yake hula karibu robo tatu ya yuniti kila mwezi. Nyumba inayopandisha maji kwenye simtanki kwa pampu hupoteza na umeme uliotumika kuyapandisha.

Kazi huanza kwa kufunga maji kwenye koki kuu iliyo baada ya mita, au ile iliyo chini ya tangi. Kisha koki mbovu hufunguliwa mpaka maji yaliyobaki yaishe. Yasipoisha, koki kuu nayo haifungi vizuri na haifai kuendelea. Tundu la sinki huzibwa kwa kitambaa, maana skrubu ya mkono wa koki ni ndogo na ikitumbukia haipatikani tena. Mkono ukishatolewa kwa bisibisi, kichwa cha koki hulegezwa kwa spana malaya kwa kuzungushwa kinyume cha mwendo wa saa.

Hatua hii ndiyo yenye hatari, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kichwa kilichokaa miaka mingi hushikwa na chumvi ya maji, hasa mahali panapotumia maji ya kisima. Spana ikivutwa kwa nguvu bila kuushika mwili wa koki, nguvu yote huenda kwenye bomba lililo ndani ya ukuta, na kiungo cha ndani hupasuka. Hapo kazi ya nusu saa hugeuka kuwa ya kuvunja vigae. Kwa hiyo mwili wa koki hushikwa imara kwa spana ya pili, huku ya kwanza ikivutwa polepole. Kichwa kikigoma, siki huachwa ilowe kwenye maungio kwa saa kadhaa ili ile chumvi ilainike.

Wosha ya zamani hupelekwa dukani kama kipimo. Koki nyingi za nyumbani ni za nusu inchi, lakini za robo tatu zipo pia, na wosha isiyolingana haitaziba hata ikibanwa vipi. Wapo wanaokata wosha kutoka kwenye kandambili au mpira wa ndani wa tairi. Maji husimama siku hiyo, na ndiyo maana mtindo huo umeenea, lakini mpira wa kandambili una hewa ndani yake: ukibanwa hubonyea na haurudi. Kwa tofauti ndogo ya bei, wosha ya dukani ndiyo nafuu ya kweli.

Kabla ya kuifunga mpya, kidole hupitishwa juu ya kitako. Kikiwa laini mduara mzima, wosha itakaa. Kikiwa na mkwaruzo au kimelika upande mmoja, wosha mpya itachanika mapema, na hapo kitako husagwa upya kwa kifaa maalumu cha fundi au koki nzima hubadilishwa. Kubana koki kupita kiasi huharakisha uharibifu huo. Koki isiyo na kasoro hufunga bila kulazimishwa.

Maji yakitoka chini ya mkono badala ya mdomoni, wosha haihusiki. Nati inayobana shina hukazwa kidogo, na isiposaidia, utepe mweupe wa mabomba huviringishwa kuzunguka shina ndani ya nati hiyo. Koki nyingi za robo mzunguko zina visahani vya kauri badala ya wosha. Zikivuja, moyo wake wote hutolewa na kuwekwa mwingine wa aina ile ile.

Uvujaji wa tangi la choo ni mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi hausikiki wala hauonekani. Majani ya chai huchemshwa mpaka yakolee, rangi yake ikamiminwa kwenye tangi, na choo kikaachwa nusu saa bila kuvutwa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini ya tangi haufungi: husafishwa au hubadilishwa. Iwapo maji yanapanda mpaka kuingia kwenye mrija wa kupunguzia, kasoro iko juu, kwenye boya. Boya hushushwa kidogo ili maji yakome kiasi cha sentimita 2 chini ya mdomo wa mrija. Yasipokoma hata hapo, kuna mpira mdogo ndani ya vali ya boya, nao huchakaa kama wosha ya koki.

Uhakika wa mwisho hutolewa na mita. Koki zote zikiwa zimefungwa, matangi yakiwa yamejaa, namba za mita husomwa, na baada ya saa moja husomwa tena. Zikiwa zilezile, kazi imekamilika. Zikisogea, koki kuu iliyo baada ya mita hufungwa na mita kutazamwa upya. Ikisimama, uvujaji uko baada ya koki hiyo, mara nyingi kwenye bomba lililofukiwa, na udongo wenye unyevu wakati wa kiangazi huonyesha pa kuchimba. Kazi hiyo inahitaji fundi. Bomba linalovuja kabla ya mita ni la mamlaka ya maji, na mwenye nyumba hutakiwa kuliripoti, si kuligusa.