Paa Kwanza, Ukuta Baadaye

Mvua ya Rungwe haina simile. Tukuyu na vijiji vyake hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukuta wowote kati ya Kyimo na Mlima Rungwe hupewa mtihani wake masika ya kwanza. Ndiyo maana nikizitazama nyumba za zamani za misheni ya Wamoravian pale Rungwe, macho huanzia juu.

Paa limeinama vya kutosha, maji yasipate pa kutuama. Kisha halikomei ukutani. Linashuka hadi kulifunika baraza, na baraza ndilo werevu wenyewe. Mvua ya upepo inaishia nguzoni, tofali linabaki kavu, na mchungaji anapata mahali pa kuwasikiliza wenye shida zao bila kuwapitisha sebuleni.

Theodor Meyer na wenzake waliianzisha misheni hiyo mwaka 1891, Malkia Victoria akiwa bado anatawala Uingereza. Nyumba nyingi za makasisi za zama za malkia huyo, huko Uingereza, leo zinalindwa kisheria. Za hapa zilijengwa na Wajerumani, lakini mikono iliyokanyaga udongo ilikuwa ya Wanyakyusa, watu ambao mpelelezi Joseph Thomson alipopita mwaka 1879 alikwishazisifu nyumba zao za mianzi na udongo kwa unadhifu.

Tofali la kuchoma lina subira yake, na mafundi wa huku bado wanaijua. Udongo unalowekwa, unakanyagwa, unafyatuliwa, unaanikwa taratibu usipasuke. Tanuri linapangwa huku midomo ya kuni ikiachwa chini, linakandikwa kwa nje, linawashwa. La katikati huiva. La pembezoni hutoka limepauka. Fundi hagombani nalo: huyagonga mawili akasikiliza. Lililoiva hulia kwa sauti kali, hilo ni la nje. Lenye mlio mzito linakwenda ukuta wa ndani. Kwenye ukuta mnene moja hulazwa kwa urefu, jingine likaingiza kichwa ndani, na kiungo kisikae juu ya kiungo. Kazi hiyo, timazi ikiwa imetulia, naweza kuitazama hata asubuhi nzima.

Na ulinzi wa kisheria? Hapa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Yaliyofuata husubiri tamko la waziri. Rungwe imechelewa kwa miaka 28! Kwa maoni yangu mstari huo unaifaa pwani, yenye magofu ya Kilwa, kuliko nyanda hizi.

Lakini hatari ya karibu zaidi ni ukarabati wa haraka. Saruji ngumu ikipigwa juu ya tofali laini la zamani, unyevu unakosa pa kutokea, na uso wa tofali unaanza kubanduka nyuma ya plasta nzuri. Bora bati lizibwe, mtaro uzibuliwe, ukuta uachwe ulivyo.