Bepari, Tajiri na Mtawala: Juu ya Tafsiri ya Mabepari wa Venisi

Mwaka 1969 Oxford University Press ilichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya mchezo wa Shakespeare ambao ulipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1600. Mfasiri alikuwa Julius Nyerere, Rais wa Tanzania kwa wakati ule. Neno la kwanza la jina hilo limezusha mabishano. Wako wasemao kwamba mfasiri aliingiza siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mahali isipokuwamo. Wako wasemao kwamba alifanya haki, maana mchezo wenyewe ni habari ya fedha na ukatili wake. Pande zote mbili zimelitazama neno kwa haraka mno. Zaidi ya hayo zimeliacha swali ambalo mchezo huu unaliuliza waziwazi kuliko michezo mingi: je, serikali ina wajibu wa kusimamia kila mapatano yaliyofanywa na watu wazima kwa hiari yao, au upo mpaka ambapo yapasa ikatae?

Neno bepari si mtoto wa Azimio. Limefika pwani kutoka Bara Hindi, ambako katika Kigujarati na Kihindi maana yake ni mfanya biashara, basi. Kwa asili yake, kwa hiyo, ni tafsiri sahihi ya neno lililomo katika jina la Shakespeare, na wanaomlaumu mfasiri kwa uzushi hawana budi kulikumbuka jambo hilo. Lakini neno haliishi kwa asili yake peke yake. Kufikia mwaka 1969 bepari hakuwa tena mtu auzaye na kununua. Alikuwa mtu aishiye kwa jasho la wengine, jirani wa kabaila na kupe. Yafaa kulitazama pamoja na neno tajiri, ambalo historia yake ni ya namna ile ile. Kwa Kiarabu tajiri ni mfanya biashara. Kiswahili kikamfanya mtu mwenye mali nyingi, kisha bwana wa kazi, yule anayeajiri na kulipa mishahara. Mara mbili, basi, lugha imepokea kutoka ng'ambo jina la mfanya biashara, na mara mbili imelipandisha hata likawa jina la mtu wa kuogopwa au kuchukiwa. Aliyebaki bila lawama ni mchuuzi, na yeye amesamehewa kwa sababu bidhaa zake zote zaenea katika kikapu kimoja.

Kosa la jina lile, kama lipo, liko katika kiambishi ma-. Shakespeare anamtaja mfanya biashara mmoja, naye ni Antonio, mwenye merikebu baharini, ambaye hukopesha bila riba. Shylock hukopesha kwa riba. Tofauti ya hawa wawili ndiyo uti wa mgongo wa mchezo wote, na mtazamaji wa London alitarajiwa kumpenda mmoja na kumchukia mwingine. Wingi wa Kiswahili wawatia wote katika gunia moja. Anayehatirisha mali yake katika tufani na anayekaa juu ya hati akihesabu miezi, wote ni mabepari. Hilo si kosa la mfasiri asiyejua Kiingereza. Ni hukumu, na ni hukumu yenye akili, kwani mchezo wenyewe waonyesha kwamba rehema ya Antonio ina mipaka: amemtemea Shylock mate sokoni, na hana nia ya kuacha. Hata hivyo hukumu iliyotolewa katika jina la kitabu yamnyima msomaji haki ya kuifikia mwenyewe.

Hapa ndipo yafaa kuzileta fikra za wale wanaoitwa walibertari. Wanafikra hawa husema kwamba mtu ni mwenye nafsi yake na mali yake aliyoipata kwa njia halali, na kwamba serikali haina kazi ila kumlinda dhidi ya nguvu, wizi na hila, na kusimamia mapatano. Robert Nozick, mwalimu wa Harvard, aliieleza hoja hiyo mwaka 1974 katika kitabu cha Anarchy, State, and Utopia, ambacho bado ndicho kipimo cha mjadala huu. Serikali ya namna hiyo hufananishwa na mlinzi wa usiku: huzunguka nyumba na taa yake, lakini haingii kupanga vyombo. Mwenye kupinga aghalabu hujibu kwa kumtaja Shylock. Tazameni, husema, mapatano ya hiari ya dukati 3,000 kwa miezi mitatu, na dhamana yake ratili moja ya nyama ya mwili wa mtu. Mlinzi wenu wa usiku atashika taa wakati kisu kinapopita?

Jibu hilo lina nguvu jukwaani, lakini halimalizi shauri. Antonio mwenyewe, ambaye nyama ni yake, hakubali kwamba Mtawala wa Venisi anaweza kuivunja hati. Asema kuwa biashara ya mji inasimama juu ya wageni wa mataifa yote, na ikiwa mgeni atanyimwa haki aliyoahidiwa na sheria, jina la mji limeharibika. Bassanio anapomsihi Portia aipinde sheria kidogo kwa ajili ya wema mkubwa, Portia akataa. Ikipindwa leo, makosa mengi yatafuata kwa mfano huo. Hiyo ni hoja ya Friedrich Hayek katika The Constitution of Liberty ya mwaka 1960, imesemwa zaidi ya miaka mia tatu kabla yake na msichana aliyevaa joho la mwanasheria: kwamba uhuru hulindwa na sheria iliyo moja kwa wote na inayojulikana mapema, si na moyo mwema wa mtawala. Mwenye moyo mwema leo, kesho amekasirika.

Kwa hiyo mlibertari mkweli hatafuti kosa la Venisi katika hati. Atalipata kurasa chache mbele. Shylock ameshindwa, kwani hati yampa nyama wala haimpi tone la damu. Angeweza kwenda zake. Ndipo Portia anapotoa sheria nyingine, ambayo haikutajwa kabla ya hapo: mgeni akithibitika kuitafuta roho ya raia, nusu ya mali yake huenda kwa aliyekusudiwa kudhuriwa na nusu hazina ya mji, na uhai wake uko mikononi mwa Mtawala. Sheria hiyo haimhusu raia amtafutaye mgeni. Kisha Antonio ataka Shylock abadili dini, na mahakama yaridhia. Mji uliojisifu kwa sheria moja ulikuwa na mbili, na ya pili ilikaa sandukuni mpaka ilipohitajiwa. Wasomaji wengi hupita hapa wakicheka. Katika mchezo wote hakuna mahali panapostahili kusomwa polepole kuliko hapa.

Msomaji wa pwani ana sababu ya pekee ya kusoma polepole. Mwaka 1934, bei ya karafuu ilipokuwa imeanguka na wenye mashamba wa Unguja na Pemba wamezama katika deni, serikali ya Himaya ya Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishiwe watu wa makabila mengine bila ya ruhusa, na madai ya madeni yakasimamishwa kwa muda. Wakopeshaji walikuwa Wahindi; mabepari, kwa maana ya kwanza ya neno. Mwaka 1937 Chama cha Wakulima wa Karafuu kikapewa peke yake haki ya kununua karafuu za kupelekwa ng'ambo, na Wahindi wa Unguja pamoja na Congress ya India wakajibu kwa kususia karafuu, hata yakafanywa mapatano mwaka 1938. Hapa Mtawala alifanya lile ambalo Mtawala wa Venisi aliogopa kulifanya: aliisimamisha hati. Tena aliisimamisha kwa kutazama kabila la mdai na kabila la mdaiwa. Kwa kipimo cha Hayek sheria ile ilikuwa mbovu toka mwanzo, si kwa sababu ilimhurumia mwenye deni, bali kwa sababu huruma yake ilikuwa na rangi. Ingaliwezekana kuweka kikomo cha riba kwa kila mkopeshaji, na ulinzi wa shamba kwa kila mdaiwa.

Lakini hapo hapo ndipo hoja ya walibertari inapoanza kuvuja. Nozick asema kwamba mali ni halali ikiwa imepatikana kwa haki na kuhamishwa kwa haki, na anakiri kwamba dhuluma ya zamani yataka kurekebishwa. Kukiri huko ni kufupi katika kitabu kirefu, nako kwatosha kuubomoa ukuta. Mashamba yale ya karafuu yalipandwa kwa mikono ya watumwa katika karne ya 19. Mdaiwa aliyelindwa mwaka 1934 alikuwa, mara nyingi, mrithi wa aliyewamiliki; mdai naye alikuwa ametia fedha katika mali ile ile. Wana wa waliopanda hawakuwamo katika hati wala katika sheria. Mlinzi wa usiku anayelinda nyumba bila kuuliza ilijengwaje hawezi kusemwa kuwa hana upande.

Kwa sababu hiyo haifai kumcheka mfasiri aliyeandika mabepari kwa wingi. Aliona kwamba Antonio na Shylock wanagombana ndani ya nyumba moja, na kwamba kuna watu nje ya nyumba hiyo. Lakini yafaa kukumbuka pia kwamba mfasiri alikuwa mtawala. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumshtaki, uwezo ambao Mtawala wa Venisi, katika mchezo alioufasiri, hakuwa nao hata juu ya hati ya Shylock. Na neno linapokuwa limekwisha kumhukumu mtu, sheria hukawia nyuma yake. Machi 1983 watu walianza kukamatwa Tanzania kwa majina ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sheria maalumu ya kuwahukumu ilifuata baadaye mwaka huo huo. Mlanguzi kwa asili ni mtu auzaye kwa bei ya juu. Walikuwamo wezi wa kweli kati ya waliokamatwa, na walikuwamo watu waliokutwa na bidhaa madukani tu. Jina moja halikuwatenga, kama ma- ilivyoshindwa kumtenga mwenye merikebu na mwenye riba.

Anayetaka leo kuitetea serikali ndogo kwa Kiswahili, basi, huanza akiwa ameshindwa nusu ya shauri, kwa kuwa maneno yake yamekwisha kutoa ushahidi dhidi yake. Tangu mageuzi ya miaka ya 1980 limeenea jina soko huria, na huria yatoka katika shina lile lile la uhuru; lakini watu wengi huitamka kwa namna wanavyotamka holela. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyetawala kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, aliitwa na wananchi Mzee Rukhsa kwa kulegeza masharti ya biashara. Jina hilo lilikuwa la mapenzi, nalo lilisema zaidi ya walivyokusudia waliolitunga. Rukhsa ni kitu atoacho mwenye nyumba. Aliye na rukhsa ya kuuza sabuni hajawa na haki ya kuuza sabuni. Wapinzani wa Azimio walishangilia neno ambalo ndani yake mtawala bado ameketi mlangoni.

Uhuru lenyewe lina historia nyingine. Kabla halijawa neno la mataifa, pwani lilikuwa neno la mtumwa aliyeachwa huru, naye aliweza kuwa na hati yake. Ndiyo sababu maneno ya Shylock mbele ya mahakama juu ya watumwa husomeka kwa Kiswahili na uzito ambao hayana kwa Kiingereza. Awauliza wakuu wa Venisi: ninyi mna watumwa mliowanunua, nanyi hamwaachi kwa kuwa ni mali yenu, nami nyama hii nimeinunua. Hakuna amjibuye. John Stuart Mill, mwaka 1859, alisema kwamba mtu hawezi kwa jina la uhuru kuuza uhuru wake, na kwamba mapatano ya namna hiyo serikali isiyasimamie. Nozick alifika hapo akapita upande wa pili: katika mfumo huru, aliandika, mtu angeruhusiwa kujiuza. Mwaka 1989, katika kitabu kingine, aliungama kwamba msimamo wake wa zamani ulikuwa na upungufu mkubwa, ingawa si kwa sababu ya shauri hili.

Unguja jibu lilitolewa na serikali. Sheria ya Aprili 1897 iliondoa hali ya utumwa mbele ya mahakama. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe kuuomba. Masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909. Fidia ilikuwapo, nayo alilipwa mwenye mtumwa.