Kipindi Kisichopangwa Ijumaa

Kuna swali ambalo mwalimu stadi wa unasihi haliulizi darasani: "Ni nani kwao baba humpiga mama?" Akiliuliza, darasa zima litamgeukia mtoto mmoja, na huyo hatasema tena. Badala yake hutunga kisa. Asha, wa darasa la tano, amesikia usiku vyombo vikivunjika na mama akilia. Asha anawaza nini? Watoto huanza kumsemea Asha, na aliyeyaona hayo kwao jana huyasema yote bila kujitaja.

Ninachokistaajabu zaidi ni subira ya mwalimu huyo. Mvulana atasema Asha aingilie kati, amtetee mama. Mwalimu hamkatizi. Humwacha amalize, kisha humuuliza taratibu: na akiumia yeye, nani atakwenda kuita msaada? Jibu hulipata darasa lenyewe: toka, kimbilia kwa jirani, kwa bibi, kwa mjumbe, au piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Halafu kila mmoja huchora kiganja chake na kuandika, kidole kwa kidole, majina ya watu wazima anaowaamini. Vidole vilivyobaki vitupu mwalimu huvisoma kwa makini kuliko vilivyojazwa.

Mwisho hugawa vikaratasi. Kila mtoto huandika kitu, hata "sina swali", ili kalamu zote zitembee kwa pamoja na asijulikane mwenye kilio.

Fimbo haionekani mezani, na sioni jinsi somo hili lingefundishika ikiwepo. Wala hamwahidi mtoto siri. Humweleza kwamba kosa si lake, na kwamba atawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka hata mwananchi wa kawaida atoe taarifa anapojua haki ya mtoto inavunjwa, sembuse mwalimu.

Lakini sehemu kubwa ya ufundi huu haionekani darasani. Kabla ya kipindi ameshaonana na afisa ustawi wa jamii, ameshafika Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, anajua atakayempokea mtoto ni nani. Ndipo huchagua siku. Hachagui Ijumaa, kwa sababu mtoto aliyefunguka Ijumaa atakaa siku mbili nyumba ileile kabla ya kumwona mwalimu wake tena.