Dizeli Inayoishia Kituoni

Basi la tani 18 likiondoka kituoni mpaka kufikia kilomita 40 kwa saa hunywa takriban mililita 80 za dizeli kwa kazi hiyo tu ya kujisukuma: kama vikombe viwili vidogo vya kahawa ya kijiweni. Mita mia nne mbele kuna kituo kingine. Dereva anakanyaga breki, na kahawa yote imegeuka joto. Ukitaka kujua giaboksi ya basi la mjini inakula kiasi gani, litazame basi lenyewe linapoondoka.

Giaboksi ya haidroli haina klachi ya kukanyaga. Weka feni mbili zikitazamana, washa moja: ya pili itazunguka kwa upepo wa mwenzake. Humo ndani upepo ni mafuta. Injini inazungusha pampu, pampu inayarusha mafuta kwenye turbini, basi linasogea bila kumtikisa abiria. Ila kabla halijasogea, turbini imesimama, na nguvu yote inayopita hapo inachemsha mafuta tu.

Kampuni ya Leyland ya Uingereza ilionja hasara hiyo miaka ya 1930. Mabasi yake yenye mtambo wa haidroli wa Lysholm-Smith yalinadiwa kuwa hayana gia. Madereva walifurahi, waliolipia mafuta, sivyo.

Kampuni ya Voith wa Heidenheim, Ujerumani, walikuja na giaboksi ya DIWA mwaka 1952, na ujanja wao ulikuwa kugawa nguvu. Difu iliyomo ndani inapeleka sehemu kupitia mafuta, sehemu kupitia vyuma. Kadiri mwendo unavyopanda, vyuma vinabeba zaidi, hadi pampu inafungwa isizunguke kabisa. Kaa siti ya nyuma usikilize: injini inaguna kwa sauti karibu ileile huku basi likizidi kukimbia, mpaka mwendo ambao giaboksi nyingine ingeshabadili gia mara mbili au tatu.

Mtambo huohuo hugeuzwa breki. Hapo wauzaji hutia chumvi kidogo: unaokoa pedi, si dizeli, maana joto lote linaishia kwenye rejeta.

Kilichonivutia zaidi ni kidogo. Katika matoleo ya baadaye, dereva akishikilia breki kituoni, giaboksi hujitoa yenyewe ili injini isihangaike na turbini iliyosimama. Akiachia, inashika tena. Zamani ilibidi atoe gia kwa mkono, na kwenye kituo cha arobaini, abiria wakigombea mlango, nani angekumbuka?