Malkia wa Katwe: Mtoto Mwanamke na Mchezo wa Akili

Katika vijiji na miji yetu mtoto mwanamke husifiwa kwa mambo mengi. Anapika vizuri, anaamka mapema, anawasalimu wakubwa kwa heshima, anambeba mdogo wake mgongoni bila kunung'unika. Sifa hizo ni za kweli, wala hatutaki kuzipunguza. Lakini ni mara ngapi tumesikia mama akimsifu binti yake mbele ya majirani kwa sababu amekaa saa tatu akitafuta jibu la hesabu, ama kwa sababu amefungua radio iliyoharibika apate kujua sauti inapita wapi? Mtoto wa namna hiyo akiwa mwanaume, watu husema: «Huyu atakuwa fundi.» Akiwa mwanamke, watu huuliza: «Huyu atapata bwana kweli?»

Basi, wasomaji wapenzi, leo tunataka kusema maneno juu ya sinema moja inayogusa jambo hilo. Inaitwa Queen of Katwe, maana yake Malkia wa Katwe. Ilitoka mwaka 2016. Aliyeitengeneza ni bibi Mira Nair, mzaliwa wa Uhindi anayeijua Kampala kwa kukaa kwake huko. Habari zake zimetoka katika kitabu cha mwandishi Tim Crothers kilichotolewa mwaka 2012, nazo si hadithi ya kubuni: Phiona Mutesi yupo, na mtaa wa Katwe upo, mjini Kampala, katika nchi ya jirani zetu wa Uganda.

Tueleze habari yenyewe kwa kifupi. Phiona ni mtoto asiye na baba. Mama yake, Harriet, anauza mahindi ili watoto wapate kula, na Phiona naye anatembea barabarani na mahindi, kwa kuwa feza ya shule hakuna. Siku moja anamfuata kaka yake Brian, anaona watoto wamekusanyika mbele ya ubao. Mwalimu wao, Robert Katende, ni kijana anayefanya kazi ya misioni ya Kiprotestanti inayowasaidia watoto wa mitaa ya maskini kwa njia ya michezo. Anawapa uji, na anawafundisha sataranji. Phiona anakuja kwa ajili ya uji. Anabaki kwa ajili ya ubao.

Wengine kati yetu hawaujui mchezo huo. Ubao wake una vyumba 64, na kila mchezaji ana vipande 16: mfalme, malkia, farasi, ngome, askari na wengine. Kuna kipande kimoja ambacho Waingereza hukiita askofu, na Wafaransa hukiita mwendawazimu. Maaskofu wetu watatusamehe! Hakuna bahati katika mchezo huo, wala kete za kurusha. Ni kama mchezo wetu wa mashimo na mbegu, ule ambao wanaume huucheza chini ya mti: anayefikiri mbali zaidi ndiye anayeshinda. Tena askari mdogo, aliye wa mwisho kwa nguvu, akivuka ubao mzima bila kuliwa, anageuka kuwa malkia. Watoto wa Katwe walilifahamu neno hilo mara moja. Hawakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Sasa tuseme lililo jema katika sinema hiyo. La kwanza, imefaulu kuonyesha mtu anayefikiri. Si neno dogo. Vita huonekana, ngoma huonekana, machozi huonekana. Lakini mawazo yaliyo ndani ya kichwa cha mtoto yataonekanaje? Bibi Nair hakutafuta hila. Anatuonyesha mkono wa Phiona uliosimama juu ya kipande, macho yake yanayokwenda mbele na kurudi, ukimya wake wakati wengine wanapiga kelele. Madina Nalwanga, aliyecheza nafasi ya Phiona, alitoka katika mitaa ya Kampala, naye anajua kunyamaza bila kuwa mnyonge. Ukimtazama unaona furaha ambayo wazazi wengi hawaitambui: furaha ya mtoto aliyezama katika jambo moja mpaka akasahau njaa.

La pili, aliyemfundisha Phiona hatua za kwanza ni mtoto mwanamke mdogo kuliko yeye, aitwaye Gloria. Hili ni neno la kweli na lenye mafundisho. Phiona haoni haya kufundishwa na mdogo, wala Gloria haoni kiburi. Lakini mtoto mwanaume akishindwa na Phiona, wenzake wanamcheka kwa kuwa ameshindwa na mwanamke. Sinema haitoi hotuba hapo. Inatuacha tusikie kicheko kile, na kila mtu ajiulize amekisikia wapi zamani.

La tatu, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote, ni mama Harriet. Bibi Lupita Nyong'o amemchezea kwa namna ambayo hatutamsahau. Mama huyu si adui wa akili ya mtoto wake. Anaogopa. Anaogopa kwamba mtu mgeni atamharibu binti yake. Tena anaogopa kwamba mtoto atainuliwa juu, ataona maisha mengine, kisha ataangushwa, asipate mahali pa kukaa, wala juu wala chini. Je, hofu hiyo ni ujinga? Hata kidogo. Phiona aliposafiri kwa ndege na kulala katika vitanda vizuri, alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Mahindi yakawa mazito kichwani pake. Akanung'unika, akajitenga. Kila familia iliyompeleka binti masomoni inaujua wakati huo mgumu, na sinema haikuuficha. Lakini mama yule mwenye hofu ndiye anayeuza nguo yake ya thamani ili taa ipate mafuta, binti asome usiku. Mapendo yake ni hayo. Si maneno matamu, ni mafuta ndani ya taa.

Hayo ni mazuri. Lakini tukitaka kupima kitu kwa haki, hatuwezi kutia mawe upande mmoja tu wa mizani.

Tunaona kwamba sinema hii, mwishoni, inashikwa na woga. Haikuthubutu kusema kwamba akili ya mtoto mwanamke ni kitu chema yenyewe. Inataka kwanza kutuonyesha malipo: kombe, makofi, na familia kuingia katika nyumba yao mpya. Tunafurahi pamoja na mama Harriet kwa nyumba ile, nani asiyefurahi? Lakini mzazi anayetazama atajifunza nini? Atajifunza kwamba mchezo wa binti uliruhusiwa kwa sababu ulileta nyumba. Na Gloria je? Na wale wengine wote waliokaa mbele ya ubao ule, wakapenda kama Phiona alivyopenda, lakini hawakupata kombe? Ikiwa akili ya mtoto ina haki ya kulishwa wakati inaposhinda tu, basi watoto wengi watakufa njaa ya kichwa, maana katika mashindano yote mshindi ni mmoja.

Habari za kweli za Phiona zina nguvu kuliko mwisho ule wa sinema. Mwaka 2010 alikwenda Khanty-Mansiysk, nchini Urusi, katika mashindano makubwa ya mataifa yote. Hakurudi na ushindi mkubwa. Alilia kwa kushindwa, na sinema inalionyesha jambo hilo, ila kwa haraka. Mwaka 2012 alikwenda Istanbul, nchini Uturuki, na baada ya hapo akapewa cheo cha kwanza katika ngazi ya vyeo vya wanawake wachezaji. Cheo cha kwanza maana yake ni mwanzo wa ngazi, si kilele chake. Hakuwa bingwa wa dunia. Lakini mtoto aliyeacha shule kwa kukosa feza alirudi shuleni, na mwaka 2017 akaingia chuo kikuu katika jimbo la Washington, Marekani. Tunasema hilo ni ushindi mkubwa kuliko kombe, tena linaweza kuwapata watoto wengi, si mmoja tu.

Kosa la pili ni namna sinema inavyomweka dada mkubwa, Night. Huyu anaondoka nyumbani kumfuata kijana mwenye pikipiki na nguo nzuri, na baadaye anarudi na mimba. Phiona anashika ubao, Night anashika pikipiki. Mmoja ana akili, mwingine ana uzuri. Tumechoka na mizani hiyo. Hakuna hata siku moja tunapoona mtu akimkaribisha Night mbele ya ubao, kumwambia: «Keti, jaribu.» Labda naye angeweza. Msichana asiyeulizwa neno la akili tangu utoto wake, tusishangae akimfuata mtu wa kwanza aliyemwuliza jambo lolote.

Wako watakaosema: «Lakini mambo ya kufikiri namna hiyo ni ya wanaume tangu zamani.» Tuwajibu kwa habari za mchezo wenyewe. Zamani, katika nchi za Waajemi na Waarabu, kipande kinachosimama karibu na mfalme kilikuwa waziri, mwanaume, naye alikuwa dhaifu, akitembea chumba kimoja tu. Mchezo ulipofika Ulaya, waziri yule akageuzwa kuwa malkia. Na mwishoni mwa karne ya 15 malkia akapewa nguvu ya kwenda mbali kila upande, akawa mwenye nguvu kuliko wote. Kumbe, wanaume kwa karne nyingi walimtuma mwanamke wa mti kuwapigania vita vyao, na huku wakisema kwamba mwanamke wa nyama na damu hana kichwa cha kucheza! Mwaka 1927, mjini London, Vera Menchik alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa wanawake. Mwaka 1991 Judit Polgár, binti wa Hungaria aliyefundishwa nyumbani na wazazi wake pamoja na dada zake wawili, alipata cheo kikubwa cha mabingwa akiwa na miaka 15. Mwaka 2002 alimshinda Garry Kasparov mwenyewe, mjini Moscow. Tuangalie vema: wazazi wa Polgár hawakungoja kombe ndipo waamini. Waliamini kwanza, wakafundisha, kombe likafuata.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: Malkia wa Katwe ni sinema njema, na inafaa kutazamwa na familia nzima, baba, mama, watoto wanaume na watoto wanawake pamoja. Lakini isitazamwe kama ndoto ya kupata nyumba. Baada ya kuitazama, wazazi waongee na watoto wao juu ya Night na juu ya Gloria, si juu ya Phiona peke yake.

Na hapa kwetu, si lazima kungoja ubao kutoka ng'ambo. Yuko binti anayehesabu nyota, yuko anayekusanya majani na kuuliza majina yake, yuko anayekaa karibu na fundi wa radio mpaka afukuzwe. Afanye kazi za nyumbani, ndiyo. Lakini kaka yake naye achote maji, ili dada apate saa moja ya kuzama katika jambo lake. Mwalimu amwulize swali gumu kama anavyomwuliza mvulana, na amngoje ajibu. Jirani aliyezoea kuuliza kama atapata bwana, aulize kwanza amevumbua nini leo. Saa moja kwa siku, swali moja gumu, na mafuta kidogo katika taa: hakuna mzazi wa parokia yetu aliye maskini hata akose yote matatu.