Dokezo la Jukwaani: Kuhusu Fumbo la Maneno na Tafsiri

Katika mafumbo ya maneno ya Kifaransa liko dokezo moja mashuhuri, ambalo wengi hulinasibisha na Tristan Bernard (1866–1947), mwandishi wa tamthilia aliyekuwa pia mtungaji wa mafumbo hayo. Dokezo hilo lataja kitu ambacho huacha « baignoires » tupu na kujaza « lavabos ». Msomaji hufikiria maji ya kuogea. Kumbe baignoire ni pia chumba kidogo cha watazamaji, sakafuni mwa ukumbi wa tamthilia. Jibu ni entracte: mapumziko kati ya sehemu mbili za mchezo, watazamaji wanapoacha viti vyao na kuelekea msalani.

Tukilifasiri dokezo hili kwa Kiswahili, tutaandika kwamba mapumziko huacha mabafu matupu na kujaza vyoo. Nusu ya pili yaeleweka. Ya kwanza imekufa, kwa kuwa hakuna bafu la Kiswahili linalokaliwa na mtazamaji wa mchezo. Je, yafuata kwamba lugha yetu haina uwezo wa mzaha wa namna hii? Hasha. Kosa ni la mfasiri, aliyetafuta utata wa Kiswahili ndani ya neno la Kifaransa.

Na tujaribu upya kwa neno la herufi sita: « Hupandwa bila mbegu, na mavuno yake ni makofi. » Jibu ni JUKWAA. Kitenzi kupanda kina maana mbili, ya mkulima na ya mwigizaji. Makofi nayo yaweza kuwa ya shangwe au ya adhabu.

Tena sarufi yenyewe yamsaidia mtungaji. Angaliandika « linapandwa », kiambishi li- kingalifichua ngeli, na sehemu ya siri ingalitoka. Kiambishi hu- hakibebi ngeli yoyote. Na katika « mavuno yake », upatanisho wafuata mavuno, si jibu. Hapa ndipo dokezo linapoachana na kitendawili: kitendawili huficha kitu nyuma ya picha, ilhali dokezo huficha neno nyuma ya neno.

Kwa hiyo dokezo la Bernard lastahili kusomwa darasani kama kielelezo cha mbinu, wala si kama bidhaa ya kufasiriwa. Mwanafunzi atakayetunga kumi ya namna yake kwa Kiswahili atakuwa amejifunza ngeli, vitenzi na msamiati wa jukwaa kwa pamoja.